Hata alama moja, andika sababu

Wiki iliyopita nilikuwa Ngamiani, dukani kwa kaka mmoja anauza saruji, programu yake ya mauzo nimemtengenezea mimi. Akaniambia mdogo wangu, mbona mtu akichukua mifuko 10 kamili anapata punguzo, si tulikubaliana zaidi ya 10? Nikafungua laptopu palepale kaunta, vumbi la saruji mpaka kwenye kibodi, nikaendesha git blame, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo) inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari na lini, nikauona mstari: > (zaidi ya) imegeuka >= (kuanzia). Alama moja tu jamani. Ujumbe wa komiti, yaani maelezo unayoandika ukihifadhi badiliko kwenye Git, unasema "marekebisho madogo", basi. Akili mnemba (AI) ndo ilibadilisha wakati nimeiomba kitu kingine kabisa, na mimi nikapitisha.

Iliniuma kwa kweli. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha 2005, inakuonyesha nini kimebadilika ila kwa nini haijui, hiyo unaiandika wewe, na sasa hivi mashine inakumwagia mistari 200 chai haijapoa kwa hiyo usipoandika papohapo ushasahau.

Siku hizi badiliko moja komiti moja, kichwa kifupi herufi kama 50, chini yake niliomba nini, nimekubali nini, nimejaribu vipi. Ile ya dukani nimeandika: "Punguzo lianze mfuko wa 11. Alama ilibadilika bila kuombwa. Nimejaribu 10 na 11."

Na ujumbe usiiachie akili mnemba peke yake, itakurudishia yaleyale yanayoonekana kwenye mstari. Yale makubaliano yangu na kaka pale kaunta haikuwepo kuyasikia.