Jumamosi tuliyopima magari kwa futi

Mi ni fundi cherehani hapa Malindi, nashona yunifomu za skuli, na miguu yote miwili ilipatwa na polio nkiwa mdogo sana. Cherehani yangu ni ya mkono na gari langu pia ni la mkono, yaani breki na mafuta natumia mkono si mguu. Watu wengi huniuliza kwa nini nlichukua Honda Fit na si gari kubwa, na mi siku zote jibu langu ni ile Jumamosi ya mwaka 2019, mwezi wa tatu, joto la kaskazi bado halijatulia, nyumba nzima na nusu ya mtaa tulikaa barazani kwetu Shella, hapa hapa Malindi, tukibishana juu ya gari ambalo hata pesa zake hazijatoka benki.

Kabla ya hapo ilikuwa ni tuktuk. Tuktuk siisemi vibaya, sakafu yake iko chini, nashika kile chuma cha mbele najivuta naingia mwenyewe. Shida ni wilchea. Lazima mtu aikunje, aifunge nyuma kwa kamba, alafu robota la sare liwekwe pale miguuni, na nkifika skuli, iwe Gede, iwe Watamu, iwe Mambrui kule ng'ambo ya daraja la Sabaki, nakaa ndani nangoja mtu aje afungue kamba. Mara dereva ana haraka, mara mlinzi yuko ndani anakula, na mi niko pale na jua na wateja wangu nawaona kwa dirisha la ofisi. Matatu ndo usiseme, makanga akiona magurudumu anatazama upande wa pili, na akikubali anakutoza na ya mzigo. Kwa hivyo nlipoanza kuweka akiba nlikuwa najua nataka nini: niingie peke yangu, wilchea niitie peke yangu, nishuke peke yangu. Basi.

Mjomba wangu ye alikuwa na mawazo mengine. Huyu ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipeleka hospitali mgongoni kabla sijapata hata magongo, na mapenzi yake kwangu sina shaka nayo hata siku moja. Alikuwa anataka Noah, lile gari kubwa la familia la Toyota. "Mwanangu, Noah itatubeba sote, harusi ikiwa Lamu twenda nayo mpaka Mokowe tunaiacha pale tunapanda boti, na wewe wasiwasi wa nini, tutakutia ndani, vijana wapo." Hilo neno vijana wapo lilikuwa linaniuma kuliko alivyojua. Wapo leo, kesho mmoja ameoa, mmoja yuko Doha, mmoja amelala. Na hata wakiwepo, mi ni mtu mzima, nna wafanyakazi wawili nawalipa mshahara, sitaki kila nkitaka kwenda kununua uzi niite mtu anikumbatie.

Aliyenifungua macho zaidi ni rafiki yangu mmoja wa Ganda, alikuwa mgema, akaanguka mnazi uti wa mgongo ukaumia. Yeye ana Vitz, gari dogo la Toyota, iliyofungwa chuma cha mkono cha kuendeshea breki na mafuta, na hiyo ndo nlijifunzia, maana skuli za udereva nlizokwenda kuuliza hazikuwa na gari la namna hiyo (kupata leseni ni hadithi yake nyingine ndefu). Alinambia kitu nikakishika. Gari usilichague kwa macho, kimo cha kiti cha gari kikaribiane na kimo cha wilchea yako, kwa sababu kila siku utajihamisha kutoka hapa kwenda pale, kwenda na kurudi, na mabega yako ndo miguu yako, ukiyaua mabega umejimaliza. Kisha akaniambia habari ya jua. Ye hana hisia chini ya kiuno, siku moja aliingia gari lililokaa juani pale sokoni, kile chuma cha mkanda kikawa kimemlalia pajani, hakujua mpaka alipofika nyumbani akaona ngozi imetoka. Mi hisia nnazo, polio haikuondolei hisia, lakini tangu siku hiyo sijaingia gari bila kuweka mkono kwanza kwenye kiti.

Basi ile Jumamosi mjomba akaja na Noah ya rafiki yake ili nione, na akaja na broka wa magari, kijana mwenye maneno mengi. Mi nkatoa futi yangu shingoni, ile ile ya kupimia viuno na mabega. Nkapima wilchea kwanza kutoka chini mpaka juu ya mto, inchi 20. Nkasogea mpaka mlango wa Noah, nkaweka futi chini kwenye mchanga nkaipandisha mpaka juu ya kiti cha dereva. Inchi 28. Broka akacheka kidogo akasema mama, gari halipimwi hivyo. Nkamwambia langu lapimwa hivyo.

Nkajaribu bado, sikutaka mjomba aseme nimelikataa bila kulipanda. Nkafunga breki za wilchea, mkono mmoja juu ya kiti cha gari, mkono mmoja kwenye ile mikono ya ndani ya mlango, nkajisukuma. Nusu ya kwanza nlifika. Nusu ya pili mikono ikaanza kutetemeka na wilchea ikateleza nyuma mchangani, na hapo hapo vijana watatu wakanirukia kunishika, mmoja kwapani mmoja kiunoni, hata sijaomba. Wakanikalisha. Watu barazani wakasema haya, si ameingia! Mi nkashusha pumzi nkatazama ndani. Gia iko hapo karibu na usukani, safi, mkono unafika. Nkatafuta handibreki. Katikati hakuna. Nkapapasa upande wa mlango, hakuna. Broka akasema, "Ya mguu hiyo mama, iko huko chini kushoto, waikanyaga tu."

Mjomba akainama akachungulia. Akakiona kile kipedali kidogo kimejitenga na vingine huko ndani. Akakitazama, akanitazama, akasema polepole, "Sasa hii mtoto ataikanyaga na nini?" Kwa kweli ye mwenyewe ndo alilimaliza suala la Noah, mi sikusema neno. Na hili nataka watu walijue kwa sababu gari nyingi za familia za Japani zimewekewa handibreki ya mguu, picha mtandaoni haikuonyeshi, broka hakwambii, na ukishanunua ndo unaanza kumtafuta fundi akubadilishie mfumo mzima wa breki. Uliza hilo kabla hujauliza bei.

Broka alivyoona Noah imekwama akabadilisha. Akamvuta mjomba pembeni lakini sauti yake haikujua kunong'ona, akasema yuko tajiri Mombasa anataka kuingiza Prado, na kwa vile mi ni mlemavu nnaweza kupata msamaha wa ushuru, niweke jina langu tu, nitapewa kitu kizuri na gari nitatafutiwa baadaye. Hapa ni lazima niseme wazi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa mtu mwenye ulemavu msamaha wa ushuru wa gari, ni gari moja kila baada ya miaka minne, na ni kwa matumizi yake yeye. Ukimpa tajiri jina lako leo, umejifungia mlango miaka minne, na akifanya ubaya na lile gari ni wewe unayetafutwa. Na kila jina linalouzwa hivyo linawafanya watu wa ofisini waongeze masharti, na anayeumia ni yule anayelihitaji kweli, anapelekwa kurudi tena na karatasi hii na ile. Nlikuwa nimekasirika mpaka maneno hayatoki vizuri. Mjomba ndiye aliyemjibu, tena kwa ukali ambao sijamuona nao mara nyingi, "Hiyo ni haki ya mwanangu, si nazi ya kuuza." Broka akaondoka na Noah na rafiki wa mjomba, wala chai hakungoja.

Sasa jirani yetu nesi alikuwa ametoka zamu, ndo anaegesha Fit yake kivulini chini ya mkwaju. Wala haikuwa kwenye mpango. Nkamuomba nipime, akanipa na ufunguo kabisa, akasema kaa kadri utakavyo. Kiti cha dereva inchi 22. Inchi mbili tu juu ya wilchea! Mlango unafunguka ukakaa wazi wala haukurudi kunibana. Nkasogeza wilchea pembeni kabisa, nkatandika kipande cha satini nlichokuwa nacho mapajani, nkaweka kwenye ukingo wa kiti cha gari, nkateleza. Kitako ndani, alafu miguu nkainyanyua mmoja mmoja kwa mikono nkaitia. Hakuna aliyenishika. Wale vijana walikuwa wamesogea tayari, mjomba akawaonyesha mkono wakae.

Kuingia ilikuwa nusu ya kazi, bado wilchea iko nje. Yangu magurudumu yanachomoka, kuna kitufe katikati unabonyeza unavuta. Nkalichomoa moja nkalirusha kiti cha nyuma, nkachomoa la pili. Nkalaza kiti cha abiria nyuma, nkarudisha kiti changu nyuma na nkaupandisha usukani, alafu nkaukunja ule mwili wa wilchea nkaupitisha juu ya kifua mpaka upande wa pili. Ukagonga usukani kidogo, ukapita. Nkafunga mlango. Handibreki iko katikati, ya kuvuta kwa mkono, nkaivuta nkaiachia, nkaivuta tena. Jirani akanionyesha kitu ambacho sikukijua, kile kikalio cha kiti cha nyuma kinainuka juu kinasimama kama viti vya sinema, kwa sababu tangi la mafuta Honda wameliweka chini ya viti vya mbele, kwa hivyo nyuma sakafu iko chini na unapata nafasi ya kusimamisha kitu kirefu. Nkaona robota zangu za sare pale pale. Nlitaka kulia, na nadhani nlilia kidogo.

Mjomba akawa na hoja moja ya kweli, gari liko chini, njia ya Marafa italitoboa tumbo. Ni kweli, na mpaka leo nkipata oda ya huko ndani namlipa mtu wa probox apeleke. Lakini skuli zangu nyingi ziko kandokando ya barabara kuu ya lami, na gari la kupanda mashimo ambalo mi siwezi kulipanda lanifaa nini. Pia gia yake ni ile sividiti (CVT), aina ya gia ya oto inayotaka oili yake maalum, fundi akikutilia oili ya kawaida ya gia za oto umeiharibu, hilo nlishaambiwa na nlilishika.

Tuliagiza ya mwaka 2012, maana wakati huo Kenya ilikuwa hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia na hilo ndo lilikuwa la mwisho kukubaliwa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nlikuwa nayo, barua ya daktari ikatoka, maombi ya msamaha tukayapeleka KRA, mamlaka ya ushuru, mapema kabla gari halijatolewa bandarini, na mjomba ndiye aliyekuwa akienda na kurudi Mombasa na ile faili chini ya kwapa. Ilichukua muda na kuna watu walitujibu vibaya lakini ilitoka.

Chuma cha mkono kilifungwa Mombasa. Ni mkono mmoja chini ya usukani, ukisukuma mbele ni breki, ukivuta kwako ni mafuta, nakishika kwa kushoto, na kulia niko na kifundo kwenye usukani cha kuzungushia na indiketa iko huko huko kulia. Rafiki yangu wa Ganda alikuja na sisi, akamfanya fundi asukume breki mpaka mwisho mara kadhaa aone kama kuna kitu kinagusa au kinalegea, na palipokuwa na bolti moja fupi akakataa tusiondoke mpaka ibadilishwe. Fundi alitaka kuziondoa pedali akidhani zitanizuia, nkamwambia aziache, awekee kikinga tu miguu yangu isiingie chini yake, mjomba naye ataliendesha siku nkiumwa.

Na ndiye aliyetangulia kuliendesha, kutoka Mombasa mpaka daraja la Kilifi, hapo akaegesha, tukabadilishana viti, nkalileta Malindi mimi. Zikija harusi wanakodi Noah, wanaimba humo ndani njia nzima, na mi naja na langu nyuma yao.