Fangasi wa mahindi na meni swichi yake

Watu wakisikia sumukuvu wanawaza hivi: mahindi yakiota ukungu yana sumu, yasipoota yako salama, imeisha hiyo. Mi nashinda maabara na hii hoja inanichosha kweli, maana fangasi mwenyewe hafanyi mambo hivo. Aspergillus flavus, fangasi wa mahindi ninayemsema, anaweza akajaa sahani nzima ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu maabara, kijani kinachoelekea unjano, unga unga, na asitoe hata chembe ya aflatoksini, ndio hiyo sumukuvu yenyewe, na mwenzake wa sahani ya pili mwenye rangi ile ile anaitoa kama hana akili nzuri. Kwa macho huwatofautishi. Ila kuna ujanja wa zamani wa kutia tui la nazi kwenye agari, ndio, tui hili hili la wali, unaotesha, unasubiri siku kadhaa, unageuza sahani juu chini gizani na kumulika na taa ya UV. Mwenye sumu anang'aa bluu kwa chini, asiye nayo hamna kitu.

Sasa inakuaje? Aflatoksini haimsaidii fangasi kukua, anaweza kuishi vizuri tu bila hiyo, kwahiyo haiwashi muda wote. Jeni za kuitengeneza ni kama 30 hivi na zimekaa jirani jirani kwenye kromosomu ya 3, na katikati yao kuna moja inaitwa aflR. Protini yake inashika DNA mbele ya zile nyingine na kuziamsha, kwahiyo aflR ikilala kiwanda kizima kimelala. Mpaka hapo rahisi. Utamu ni nani anaiamsha aflR yenyewe.

Hapo watafiti walikuwa wanahangaika na Aspergillus nidulans, ndugu yake flavus, ambaye anafuata njia ile ile ila anaishia njiani kwenye sterigmatosistini, sumu inayotangulia aflatoksini. Walitafuta vizazi vilivyobadilika jeni vikapoteza uwezo wa kuwasha aflR wakati aflR yenyewe ni nzima kabisa, na mwaka 2004 Jin Woo Bok na Nancy Keller wa Wisconsin, Marekani, wakatangaza jeni inayoitwa LaeA. Hii ndo meni swichi ya nyumba, aflR ni swichi ya chumba kimoja tu. Ukiitoa LaeA, sterigmatosistini inakata, penisilini inashuka, na kwa Aspergillus terreus hata lovastatini, ile dawa ya kolesteroli, inapotea, na huku fangasi anaendelea kuota kama kawaida! Mi hapo ndo niliupenda huu ukungu, yaani sumu na dawa zinasikiliza bosi mmoja.

2008 kundi la Gerhard Braus kule Göttingen, Ujerumani, pamoja na Keller wakaonyesha LaeA haifanyi kazi peke yake, protini yake inashikana na protini nyingine mbili, VeA na VelB, ndani ya kiini cha seli, na VeA inaingia kiini kwa wingi kukiwa giza, mwanga ukiwepo inabaki nje nje. Joto nalo lina lake: kwenye nyuzi 37 flavus anaota vizuri sana lakini sumu inapungua, shusha hadi 30 hivi ndo anaimwaga, na sukari ikiwepo ndo kabisa. Giza, uvuguvugu, wanga... gunia la mahindi yasiyokauka hilo jamani.

Na si mambo ya sahani tu. Kenya 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 kwa sumu hii wakafa 125. Kwetu Tanzania ikapiga Dodoma na Manyara 2016. Na usiseme nitapika ugali uive sana, moto wa jikoni hauiondoi hii kitu.

Ndo maana Aflasafe, ile bidhaa ya shambani ya kuzuia sumukuvu, mi naielewa, ingawa wengi wanashtuka, eti mnanyunyiza fangasi shambani tena kwa makusudi? Ni punje za mtama zilizouliwa zisiote, zimepakwa flavus wa hapa hapa kwetu wasiotoa sumu, unazimwaga wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua ili wawahi nafasi kabla ya wale wabaya. Hao wamechaguliwa kwasababu kwenye lile fungu la jeni kuna zilizofutika au kuharibika, kwahiyo hata LaeA iwashe vipi, huko chini hakuna cha kuwaka.