Bima ya afya: nilipe au niache?

Jamani mwezi wa pili huu fomu ya bima iko mezani sijaijaza, maana nikipiga hesabu naona mwaka jana hospitali nimeenda mara mbili tu, mafua na jino, na hela niliyotoa haifiki hata nusu ya ile ya bima. Kwa hesabu hiyo ni hasara tupu. Ila sasa mafua siyo yanayofilisi watu, ni kulazwa wiki tatu, ni upasuaji wa ghafla usiku wa manane, hapo ndo unaona ukoo mzima unachangishana kwenye grupu la WhatsApp.

Juzi nikakaa na karatasi ya masharti, herufi kama sisimizi, nikakuta uzazi mpaka usubiri miezi kumi, presha na kisukari vina kikomo chake, na meno (meno yangu haya!) hayamo kabisa. Ajenti hayo hakuyagusa, yeye ni kutabasamu tu.

Basi nimechukua ya kulazwa peke yake, mambo ya kwenda na kurudi nitalipa mfukoni. Mke wangu ananiita bahili, sawa, fomu nishasaini.