Mama Alipopimwa Eko

Zoezi la Kiingereza lililomkwamisha binti yangu jana usiku lilimtaka aeleze maana mbili za neno "echo": sauti inayorudi, na jambo la kale linalojitokeza tena katika mambo ya leo. Nilimjibu kwa sentensi moja, naye akaenda kulala, nami nikabaki mezani nikimwona Mama amelala ubavu wa kushoto katika chumba chenye giza, hospitalini Dar es Salaam, siku alipopimwa moyo kwa kipimo kiitwacho eko.

Tulifika pale baada ya miezi mingi ya kuhema na dawa za pumu zisizosaidia. Kijana wa kipimo alimpaka jeli ya baridi kifuani, akakandamiza kifaa katikati ya mbavu, na moyo wa Mama ukaonekana kwenye skrini ukifumba na kufumbua. Alieleza kwa upole kwamba kifaa hupeleka mawimbi ya sauti yanayotikisika mara milioni kadhaa kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliyasikii, na kwamba ile picha huchorwa na mwangwi wake unaporudi.

"Mwanangu," Mama akasema bila kugeuka, "kwetu Lushoto mwangwi hurudisha ulichosema. Mimi hapa sijasema neno."

Kijana alicheka hadi kifaa kikateleza. Kisha akabonyeza kitufe, na chumba kikajaa mvumo mzito wa kwenda na kurudi. "Hiyo ni damu yako, mama, inapita mlangoni." Mama aliisikiliza kwa muda mrefu, uso wake kama wa mtu anayewasikia majirani wakimteta. Nilipomsomea baadaye kwamba Inge Edler na Hellmuth Hertz walianzisha kipimo hicho Lund, Uswidi, mwaka 1953, kwa mashine ya kutafutia nyufa za vyuma waliyoiazima kwenye kiwanda cha meli, alisema kumbe yeye ni merikebu.

Daktari alituambia kwamba vali, yaani ule mlango wa damu ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imekakamaa, yumkini kwa sababu ya mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, yaliyoleta homa ya baridi yabisi. Kovu lake huweza kukaa miongo kadhaa kabla ya kujionyesha. Nilitamani kusema kwamba huo nao ni mwangwi, koo la mtoto likiitikiwa moyoni. Mama alikataa: watoto wote wa kwao waliumwa koo, wakasukutua maji ya chumvi, wakarudi kuchunga mbuzi, na mwangwi lazima uanze na sauti ambayo mtu aliisikia. Sijapata hoja ya kumjibu. Daktari, ambaye foleni yake ilikuwa ndefu, alikwisha kuandika tarehe ya kurudi.