Tulivyoomba kamera ya mtaani igeuzwe isitazame ndani ya nyumba zetu

Kamera ilipofungwa kwenye uchochoro wetu wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hakuna jirani aliyeipinga, kwani wapita njia wamekuwa wakiporwa mikoba pale, na mimi naamini kwamba Serikali ina wajibu wa kuzilinda njia. Tatizo lilikuwa ni uelekeo wake: ilitazama madirisha ya ghorofani na paa tunakoanika nguo, mahali ambapo wanawake hukaa bila ya mabuibui. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa na baraza nje na behewa, yaani uwanja wa wazi, ndani, ili mgeni apige hodi na asubiri kukaribishwa.

Sheha, yaani kiongozi wa Serikali mtaani kwetu, alinipokea vizuri, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni kwa usalama wenu, na mwenye amri nayo si mimi." Basi nikaandika barua kwa ofisi inayohusika, nikaambatanisha picha zilizopigwa kutoka juu ya paa. Nilitegemea Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 pamoja na Ibara ya 16 ya Katiba ya Muungano, ambayo inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na maskani yake, na inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho faragha hiyo yaweza kuingiliwa. Sikuomba kamera iondolewe. Niliuliza nani anaziangalia picha, kwa idhini ya nani, na zinawekwa kwa muda gani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zisiwekwe kupita haja ya lengo hilo.

Kazi kubwa ilikuwa saini. Baadhi ya wazee walichelea kuonekana wapinzani, nami siwalaumu, kwani katika visiwa ambavyo siasa za uchaguzi zimewahi kuwatenga hata ndugu, jina kwenye karatasi si jambo dogo. Niliisoma barua yote barazani baada ya sala ya Isha, wakasikia kwamba haimtukani mtu, na bibi mmoja anayeheshimiwa mtaani akatangulia kutia saini. Nakala yetu nilihakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatimaye fundi aliiinamisha kamera, tukaonyeshwa kwenye skrini kwamba madirisha hayaonekani tena. Kuhusu muda wa kuweka picha tulijibiwa kwa mdomo tu. Nimeshapeleka barua ya pili kuomba jibu hilo kwa maandishi, na safari hii wazee waliosita mwanzo wametia saini.