Figo ilobaki

Hapa Wete watu wakisikia nimetolewa figo, swali la mwanzo ni "kwa hiyo saivi unaishi na nusu?" Wanauliza kwa huruma na wengine ni wazee wangu siwezi kuwajibu mkato, lakini hesabu hiyo siyo, na nnataka niieleze vizuri kwa sababu wapo watu wanaikimbia opereshini wanayoihitaji kwa khofu hii hii.

Figo mbili za mtu mzima zinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku, karibu yote yanarudi mwilini, kinachotoka ni mkojo wa lita moja na nusu hivi. Sasa ukitoa moja utasema basi zimebaki lita 90, na siku za mwanzo kweli ni kama hivo, lakini damu nyingi zaidi inaanza kupita kwenye ile ilobaki, vichujio vyake vinaongeza kasi, figo yenyewe inanenepa, na baada ya miezi kadhaa mtu mwenye afya anakuwa na asilimia 65 hadi 75 ya uchujaji aliokuwa nao kwa figo zote mbili. Yaani kama lita 117 hadi 135. Vichujio vipya havioti, kila figo ina vyake kama milioni moja tokea kuzaliwa, vinavokua ni vile vile vilivyokuwepo, ndo maana kijana anafidia vizuri kuliko mzee.

Yangu iliharibika kwa kichocho. Sisi Pemba tumekulia kwenye mabonde ya mpunga na vijito, tumeoga humo, tumefua humo, na mtoto kukojoa damu wengine walikuwa wakiona kawaida tu. Mayai ya mdudu yanakwama kwenye kibofu na kwenye mrija unaoshuka kutoka figo, panaota kovu, mrija unabana, mkojo unarudi juu, figo inajaa maji na kukandamizwa taratibu mpaka inakufa, na yote haya unaweza usisikie maumivu ya kukushtua. Mie ilionekana kwenye altrasaundi. Kabla ya kunitoa walipima kila figo peke yake na ya kushoto ilikuwa haifanyi kitu, kwa hiyo baada ya opereshini kriatinini yangu (taka ya kwenye damu inayotolewa na figo, ikipanda ujue figo zimezidiwa) haikubadilika sana. Ndugu zangu walishangaa lakini jibu ni jepesi, ya kulia ilikuwa imeshabeba kazi yote zamani.

Mtoto wa ami yangu kwake ilikuwa vyengine. Yeye alimpa kakake figo, nzima kabisa (tokea Muhimbili waanze kupandikiza Novemba 2017 si lazima tena kwenda India), na eGFR yake (makadirio ya uchujaji wa figo) ikashuka kutoka zaidi ya 100 mpaka sitini na kitu. Akaiona karatasi akakosa usingizi. Mie nilimwambia na daktari akamwambia vile vile, namba ile inakokotolewa kutokana na kriatinini, umri na jinsia, na 65 ya mtu aliyetoa figo ikawa imetulia pale pale mwaka hadi mwaka si sawa na 65 ya mgonjwa wa sukari inayoteremka kila akipimwa. Cha kutazama ni kama inashuka, kama mkojo una protini, na presha. Ronald Herrick alimpa pacha wake figo Boston tarehe 23 Disemba 1954, upandikizaji wa mwanzo kufanikiwa, na alifariki 2010. Miaka 56 na figo moja!

Ninachokiogopa mie ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na duka la dawa unauziwa bila kuulizwa chochote, mgongo tu ukiuma umeshapewa. Jamani semeni mna figo moja, kila mahali, hata kama hamkuulizwa, omba parasetamo kwa kipimo chake. Na mizizi ya kuchemsha usiyojua ndani mna nini iache. Ukiharisha au kutapika sana usisubiri, figo moja ikikosa maji haina mwenzake wa kumtegemea. Kufunga Ramadhani wengi wenye figo moja nzima wanafunga, lakini muulize kwanza daktari anayejua vipimo vyako, na kunywa maji baina ya futari na daku si mara moja tu unapofuturu.

Wanawake wenzangu, kubeba mimba inawezekana. Ila kwa aliyetoa figo uwezekano wa presha na kifafa cha mimba unaongezeka, kwa hiyo kliniki mapema na uwaambie siku ya kwanza, wapime presha na mkojo kila ukienda.

Na watoto wakipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, skuli waacheni wameze, msiwafiche nyumbani siku hiyo. Mtoto aliyekojoa damu akatibiwa damu ikakata, ikiwa ilimchukua muda mrefu ombeni na altrasaundi ya figo, maana dawa inamuua mdudu lakini mrija ulioshabana unaweza kubaki umebana na mtoto akawa anacheza mpira kama kawaida.