Funga Kichupo, Kivinjari Kitakukumbusha

Kwa miaka mingi nilikuwa na mazoea ya kuacha vichupo wazi katika kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao kama Chrome au Firefox. Kila ukurasa niliouona una maana niliuacha pale juu ya dirisha, nikiamini kwamba nikiufunga nitaupoteza, na kufikia mwisho wa juma vichupo vilikuwa vimebanana kiasi kwamba majina yake hayasomeki tena, vimebaki vialama vidogo tu vilivyojipanga kama shanga. Kazi yangu ni kuhariri maandishi, hivyo kutwa nzima huwa ninahakiki tarehe, majina na tahajia, na kivinjari nakishika mara nyingi kuliko kalamu. Siku moja kompyuta ilizimika ghafla katikati ya kazi. Ilipowaka tena dirisha lilifunguka jeupe, nami nikaingiwa na hofu kubwa, kwa kuwa utafiti wa juma zima ulikuwa umekaa katika vile vichupo. Baada ya dakika chache nikagundua kwamba hakuna hata ukurasa mmoja uliopotea. Kivinjari kilikuwa kinazikumbuka kurasa zote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui namna ya kukiuliza.

Tangu siku hiyo nimejifunza upya chombo nilichodhani nakifahamu, na ninaandika haya kwa sababu naona watu wengi wanabeba mzigo huo huo bila ulazima.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kichupo kilichofungwa hurudi. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na T kwa pamoja, na kichupo cha mwisho ulichofunga kitafunguka pamoja na njia yake yote ya nyuma, yaani kile kishale cha kurudi kitakupeleka kwenye kurasa ulizopitia kabla yake. Ukibonyeza tena, kitarudi kilichotangulia, na hata dirisha zima ulilolifunga kwa bahati mbaya hurudi kwa njia hiyo hiyo. Wanaotumia kompyuta za Apple watatumia Command mahali pa Ctrl. Dirisha la faragha peke yake ndilo lisilorudi, kwa sababu limeundwa lisahau. Vilevile, ndani ya mipangilio ya kivinjari kuna chaguo linalohusu kile kinachoonekana unapokiwasha. Ukichagua kuendelea pale ulipoachia, hata kompyuta ikizimika ghafla utakuta kazi yako mahali pake.

Sasa nije kwenye upau wa anwani, ambao kwa maoni yangu ndio moyo wa kivinjari na ndio sehemu inayotumika chini ya uwezo wake kuliko nyingine zote. Wengi huuona kama mahali pa kuandika anwani ya tovuti au neno la kutafuta, basi. Ukweli ni kwamba kila unapoandika herufi pale, kivinjari kinapekua historia yako, alamisho zako (kurasa ulizoziwekea alama ili uzirudie) na vichupo vilivyo wazi, na hakilinganishi anwani tu, hulinganisha pia maneno yaliyomo katika kichwa cha ukurasa. Nitoe mfano wa hivi karibuni. Nilikuwa nikihariri makala kuhusu historia ya wavuti, na nilihitaji kurejea ukurasa niliousoma wiki tatu kabla, unaoeleza jinsi kivinjari cha Mosaic kilichotolewa mwaka 1993 kilivyofungua njia kwa Netscape mwaka uliofuata. Sikukumbuka jina la tovuti wala neno nililolitumia kuutafuta. Nilibonyeza Ctrl na L, mkono haukugusa kipanya, na kiashiria kikaruka hadi kwenye upau wa anwani. Kwa kuwa kazi hiyo niliifanya kwa Firefox, niliandika alama ya ^, nikaacha nafasi, kisha nikaandika mosaic. Orodha ilijikata papo hapo, zikabaki kurasa tatu, na wa pili ndio niliokuwa nikiutaka. Shughuli yote haikuchukua hata sekunde kumi.

Alama ile ya ^ huiambia Firefox itafute katika historia peke yake. Ukiweka nyota, yaani *, itatafuta katika alamisho tu, na ukiweka % itatafuta katika vichupo vilivyo wazi, kisha itakupeleka kwenye kile ulichokichagua badala ya kukifungua mara ya pili. Chrome nayo ina utaratibu wake: ikiwa menyu zake ziko kwa Kiingereza, unaandika @history, @bookmarks au @tabs, unaacha nafasi, kisha unaendelea na neno unalolitafuta. Pia Ctrl, Shift na A katika Chrome hufungua orodha ya vichupo vyote inayoweza kutafutwa kwa maneno, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye bado hajaacha mazoea niliyoyataja mwanzoni.

Hapa pana tahadhari moja ambayo ni muhimu kuijua kabla ya kuikabidhi historia kila kitu. Chrome huhifadhi historia kwenye kompyuta kwa siku 90, kisha huiondoa. Kwa hiyo ukurasa utakaouhitaji baada ya miezi mitatu hauna budi kuwekewa alamisho, na kazi hiyo ni ya Ctrl na D. Watu wengi hubonyeza na kuendelea na safari, ilhali kidirisha kinachojitokeza kinakuruhusu kubadilisha jina la alamisho, na hapo ndipo penye manufaa yake hasa. Jina la asili la ukurasa limechaguliwa na mwenye tovuti kwa malengo yake. Mimi hulifuta na kuandika maneno ambayo akili yangu itayataja nitakapouhitaji: kwa mfano ukurasa wa mwongozo wa uandishi naupa jina la tahajia majina ya nchi. Baada ya miezi sita nitaandika tahajia nchi kwenye upau wa anwani na utajitokeza wenyewe. Niliwahi kutumia saa nyingi kupanga alamisho katika folda zilizo ndani ya folda nyingine, na sasa naamini kwamba muda huo ungetosha kuzipa zote majina mazuri, nami nisingehitaji kufungua folda hata moja.

Upau huo huo unaweza kufundishwa kutafuta moja kwa moja ndani ya tovuti unayoitembelea mara kwa mara. Katika Chrome ingia kwenye mipangilio, sehemu ya injini za utafutaji, na utakuta mahali pa kuongeza utafutaji wa tovuti. Utaulizwa jina, neno la mkato, na anwani yenye alama ya %s mahali ambapo neno lako litawekwa. Kwa Wikipedia ya Kiswahili nimeandika anwani ya https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s na mkato wake ni herufi w. Tangu hapo nikitaka kusoma habari za kimondo naandika w, nafasi, kimondo, nabonyeza Enter, na ninafika bila kupita kwenye ukurasa wa matokeo wala matangazo yake. Katika Firefox ni rahisi pia: bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya kisanduku cha utafutaji cha tovuti yoyote, na katika orodha itakayofunguka utaona chaguo la kukiongeza kwenye kivinjari. Nina mikato ya namna hii kwa kamusi mbili, ramani na maktaba moja ya mtandaoni, na ningeombwa nichague mbinu moja tu ya kubaki nayo, ningechagua hii.

Ukishaufikia ukurasa, Ctrl na F hutafuta neno ndani yake. Hilo linajulikana kwa wengi na sitalirefusha. Lisilojulikana sana ni kwamba unaweza kumtumia mtu kiungo kinachofika kwenye sentensi yenyewe. Chagua sentensi kwa kipanya, bofya kitufe cha kulia, na katika Chrome na Edge utaona chaguo la kunakili kiungo cha sehemu uliyoichagua. Mwishoni mwa kiungo hicho utaona alama #:~:text= zikifuatiwa na maneno yenyewe. Anayekifungua hufikishwa pale pale, na sentensi ikiwa imetiwa rangi. Kwangu mimi, ninayelazimika kumwonyesha mwandishi chanzo kinachopingana na tarehe aliyoiandika, njia hii imemaliza yale maelezo ya kuhesabu aya kutoka juu.

Huenda msomaji akauliza kuna ubaya gani kuacha vichupo wazi ikiwa kompyuta yenyewe ina nguvu. Kila kichupo ni programu inayoendelea kufanya kazi: kina maagizo yake ya kiprogramu, picha zake, na mara nyingi matangazo yanayojibadilisha, na vyote hivyo hukalia kumbukumbu ya kompyuta. Ili kupunguza mzigo, vivinjari vya siku hizi huvilaza vichupo ambavyo havijaguswa kwa muda, kisha huupakia ukurasa upya unapourudia. Hilo ni jema, lakini maandishi uliyokuwa ukiyajaza katika fomu yanaweza yasirudi. Niliwahi kujaza fomu ndefu ya maombi kwa karibu saa nzima, nikaenda kwenye vichupo vingine kutafuta tarehe fulani, na niliporudi fomu ilikuwa tupu. Iliniuma sana, kwa sababu majibu mengine nilikuwa nimeyafikiria kwa siku kadhaa. Siku hizi jibu lolote linalozidi mistari mitatu naliandika kwanza katika faili ya kawaida, kisha ninalinakili na kulibandika.

Kumbukumbu ya kivinjari inahusu manenosiri pia, na hapa ninasisitiza kuliko mahali pengine pote. Kivinjari kinapohifadhi nenosiri, hulihifadhi pamoja na jina kamili la tovuti. Jicho la binadamu linaweza kudanganywa na anwani iliyobadilishwa herufi moja, o ikawekwa mahali pa 0, au neno la ziada likachomekwa katikati, lakini kivinjari hakidanganyiki kwa njia hiyo, kwa kuwa hulinganisha herufi kwa herufi. Ukifika kwenye ukurasa unaofanana kabisa na ule uliouzoea na kivinjari kikakataa kujaza nenosiri kama kilivyo kawaida yake, usiharakishe kuliandika kwa mkono. Simama, soma anwani taratibu, kisha uifungue tovuti upya kupitia alamisho yako mwenyewe. Muunganisho uliosimbwa, ule unaoanza na https, unathibitisha kwamba hakuna anayesoma mazungumzo njiani. Hauthibitishi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu.

Kuhusu hali fiche, yaani lile dirisha la faragha, inasahau historia na vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha) kwenye kompyuta yako pindi unapofunga madirisha yake, lakini haikufichi kwa tovuti unayoitembelea wala kwa anayesimamia mtandao unaoutumia. Mimi huitumia zaidi kama kipimo. Ukurasa ukigoma kufunguka vizuri, naufungua katika hali fiche, ambako kwa kawaida viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, havifanyi kazi na vidakuzi vya zamani havipo. Ukifunguka vizuri huko, najua kosa liko upande wangu, na mara nyingi mkosaji ni kiendelezi. Ndiyo maana nimebakiza viendelezi vitatu tu. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kila ukurasa kinaweza kusoma hata barua pepe zako, na ruhusa hiyo hubaki mikononi mwake hata kama hukumbuki kwa nini ulikisakinisha.

Jioni, kabla ya kuzima kompyuta, huwa na vichupo kumi au kumi na tano, kwani kazi ya kuhakiki ndivyo ilivyo. Ninabonyeza Ctrl, Shift na D, na kivinjari kinaviwekea vyote alamisho ndani ya folda moja ambayo ninaipa jina la makala ninayoihariri na tarehe ya siku hiyo. Kisha Ctrl, Shift na W hufunga dirisha zima. Asubuhi nikiibofya folda ile kwa kitufe cha kati cha kipanya, vyote hufunguka kwa mkupuo. Mara nyingi, hata hivyo, ninaifungua folda na kuchagua viwili au vitatu, kwa sababu usiku umeshanionyesha ni vipi hasa nilivyokuwa navihitaji.